Kujifunza lugha na filme yenye sutitre mbili: maswali yenye bantu bananiuliza kila siku

Hii maswali nimeikusanya ku bantu ba kwetu Katuba, ba Kenya na Kampemba (makomini ya Lubumbashi), benye banakuja kwangu na flashi mu mukono ao bananiandikia ku WhatsApp usiku saa tano, na karibu kila mara ni swali ile ile. Nimeandika majibu fasi moja ili kila muntu akamate yake. Mifano mingi ni ya Kingereza juu njo lugha yenye bengi banatafuta huku Lubumbashi, sababu ya Kasumbalesa (mupaka na Zambia) na sababu ya kazi mu mine, lakini namna ya kufanya ni moja hata kama unataka lugha ingine.

## Mwanzo kabisa

1. Sutitre mbili ni nini?

Ni filme yenye inaongea lugha moja, na chini ku ekrani kunatokea mistari mbili: moja ya lugha yenye uko nasikia (tuseme Kingereza), ingine ya lugha yenye unajua. Masikio inasikia, macho inasoma namna neno inaandikwa, kisha macho inashuka kidogo kutafuta maana. Huku chini nitaita ya Kingereza "mstari ya juu" na ya lugha yako "mstari ya chini", hata kama programu yako inazipanga kinyume.

2. Inasaidia kweli ao ni kupoteza wakati?

Inasaidia, lakini si kwa kila kintu. Muntu mwenye alijifunza Kingereza ku masomo huku kwetu mara mingi anajua Kingereza ya daftari. Anasoma vizuri, anaandika vizuri, kisha anafika Kasumbalesa, Muzambia anamuongelesha maneno tano na hakamate hata moja. Kingereza haiandikwe vile inasikika: though, tough na through zinafanana ku karatasi, lakini mu masikio ni maneno tatu za mbali kabisa. Mstari ya juu njo inafunga sauti na neno pamoja, na hiyo kazi daftari haiwezi kuifanya.

Uholanzi na inchi za Skandinavia, filme za bantu bakubwa ku televizio banaziacha mu lugha yake na kuweka sutitre, lakini Ufaransa na Ujerumani bamezoea kuzigeuza sauti. Mutoto wa Uholanzi anakomea akisikia Kingereza kila jioni mu salon ya nyumba yabo. Masomo nayo inamusaidia, sikatai, lakini masikio yake inakuwa tayari mbele mwalimu aingie.

Kuongea ni habari ingine, angalia swali 18.

3. Sijui hata neno moja ya Kingereza. Naweza kuanza na filme?

Apana, ngoja kidogo. Bila maneno mia mbili ao tatu ya kwanza (mimi, wewe, kwenda, kula, leo, kesho, hesabu) macho yako itabaki paka ku mstari ya chini, utamaliza filme umesoma Kifaransa saa mbili, na Kingereza imepita sawa kelele ya barabara. Tafuta kwanza ile maneno mu kitabu kidogo ao ku muntu wa kukufundisha, kisha anza na katuni za batoto badogo, zenye banasema sentensi fupi na banarudilia.

4. Mstari ya chini iwe Kifaransa ao Swahili?

Hii nitaijibu kwa urefu juu naona bantu banapoteza miaka hapa.

Karibu kila filme yenye utapata mu muji iko na Kifaransa, Swahili hakuna, basi tunakamata Kifaransa bila kufikiri. Muntu mwenye Kifaransa iko mu kichwa yake sawa Swahili, aendelee tu. Lakini kama Kifaransa yenyewe ulikutana nayo ku masomo na mpaka leo unaitafuta tafuta, uko nafanya kazi mara mbili, unatoa neno mu Kingereza unaipeleka mu Kifaransa, unaitoa mu Kifaransa unaileta mu Swahili, na muntu wa filme amekwisha kumaliza kuongea na amefunga mulango.

Tena kuna bintu Swahili yetu inasema vizuri kuliko Kifaransa. Angalia I eat na I'm eating. Kifaransa inaandika zote mbili je mange. Sisi tunatofautisha tangu utoto: nakula samaki (ni kawaida yangu) haiko sawa na niko nakula samaki (sasa hivi, sahani iko mbele yangu). I was eating, nilikuwa nakula. Niliona bana masomo banateseka na hii -ing muda murefu, banatafuta kanuni yake mu Kifaransa na hawaipate, siku nilibaambia "ni ile niko yenu ya kila siku" nyuso zikafunguka.

Kuna fasi ingine Swahili inanyamaza na Kifaransa inasaidia. He na she kwetu zote ni a-: amekuja, haujui ni mwanaume ao mwanamuke, lakini il na elle inakuonyesha. Na Kingereza ilikamata maneno mingi sana mu Kifaransa, kwa hiyo government, table, important unazitambua kwa macho bila mwalimu. Jilinde tu na zile zenye zinafanana sura na maana ni ingine: library ni bibliothèque, haiko librairie, actually ni "kwa kweli", haiko actuellement, eventually ni "mwishowe", haiko éventuellement, na mu Kingereza muntu sensible ni muntu wa akili timamu, si muntu wa kuumia roho haraka.

Mi nafanya hivi: filme ndefu ya kufurahia, Kifaransa. Kipande ya dakika tatu ao tano yenye nataka kuimeza kabisa, Swahili, na naiandika mimi mwenyewe.

5. Lakini sutitre za Swahili nitazipata wapi?

Ziko chache sana. Andika zako. Bantu banaogopa banafikiri ni kazi ya ba informatisie, lakini fishie ya sutitre, ile yenye jina yake inaisha na .srt, ni maandishi ya kawaida, unaifungua na Notepad ya ordinatere yoyote ya Windows. Ndani utakuta namba, saa ya kuanza na saa ya kuisha, maneno, kisha mstari mtupu:

12
00:01:15,200 --> 00:01:18,900
Where have you been?
Ulikuwa fasi gani?

Ile mstari ya mwisho njo niliiongeza mimi. Usiguse namba wala saa wala ule mushale, acha mstari mtupu mbele ya namba yenye inafuata, hifadhi mu UTF-8 (ni namna ya kuhifadhi herufi, swali 10 inaeleza juu ya nini). Kipande ya dakika tano inaweza kuwa na mistari makumi sita ao zaidi kama bantu banaongea sana, kwa hiyo usianze na filme nzima, utachoka siku ya kwanza.

Andika Swahili ya nyumbani, yenye unagombana nayo na bandugu zako, siyo ya kitabu. Na andika pamoja na muntu. Siku moja mudogo wangu alikuwa anaandika fasi muntu anapewa chai anajibu "I'm good". Akaweka "Niko muzuri". Mi nikamwambia rudisha, angalia mukono yake. Tukarudisha mara tatu: yule muntu hakukamata ile kikombe! Basi tukaelewa ni "apana, asante". Ile neno hatutaisahau, na hakuna muntu alitufundisha, ni ile kubishana njo ilitufundisha.

## Vyombo na fishie

6. Telefone inatosha ao lazima ordinatere?

Telefone inatosha kuangalia. Ordinatere ni muzuri kwa kutengeneza fishie. Kama hauna, tafuta mwenzako mwenye iko nayo, mutengeneze fishie siku moja kwa wiki, kisha kila muntu anakopia ku telefone yake.

7. Nimenunua filme ku flashi na hakuna Kingereza ndani hata kidogo. Juu ya nini?

Juu ulipewa VF, sauti imekwisha kugeuzwa mu Kifaransa. Soma jina ya fishie mbele ya kulipa. VF ni Kifaransa tu. VOSTFR ni sauti ya kwanza na sutitre ya Kifaransa. MULTI mara mingi iko na sauti mbili ao zaidi, unachagua mu programu yako. Kwa kazi yetu unatafuta VOSTFR ao MULTI. Na angalia kama ile Kifaransa imechorwa ndani ya picha, juu hiyo haitoke tena, utaweza kuongeza Kingereza lakini Kifaransa haitaondoka hata siku utataka kuitoa (swali 16).

Na hii inajibu ba mama benye bananiambia "naangalia novelas ya Brazil kila siku na Kireno siijui". Mama, ile yenye inapita ku televizio yako inaongea Kifaransa. Itakusaidia Kifaransa, tena sana, lakini Kireno haimo.

8. Namna gani naonyesha mistari mbili mara moja?

Ku ordinatere na intaneti: kuna Language Reactor, unaiongeza ku Chrome, zamani iliitwa Language Learning with Netflix. Inafanya kazi ku Netflix na ku YouTube, inaweka mistari mbili, unagusa neno unaona maana. Netflix yenyewe bila hiyo inaonyesha sutitre ya lugha moja tu.

Ku ordinatere bila intaneti, na filme yako iko ku disku: programu ya kucheza filme yenye jina PotPlayer, ya Windows, inakubali sutitre mbili, mpv nayo, ya pili inapanda juu ya ekrani. VLC yenye karibu kila muntu iko nayo inaonyesha moja tu kwa mara, basi dawa yake ni kuunganisha: unatia mistari ya lugha mbili mu fishie moja sawa vile nilionyesha ku swali 5. Kama fishie zote mbili zilitengenezwa kwa filme ile ile, programu ya bure yenye jina Subtitle Edit itakusaidia bila kukopia mstari kwa mstari.

Ku telefone, fishie ya kuunganisha njo njia yenye haidanganye. Ipe jina moja na filme (harusi.mp4, harusi.srt), ziweke mu dosie moja.

9. Maneno inatokea mbele muntu hajaongea, ao inachelewa.

Sutitre ilitengenezwa kwa kopi ingine ya filme. Mu VLC ya ordinatere bonyeza G ao H, kila mara inasogea milisekunde 50, moja inarudisha nyuma, ingine inapeleka mbele, bonyeza mpaka midomo na maneno zipatane. Kama mwanzo iko sawa kisha inaharibika kidogo kidogo, usipigane nayo, tafuta fishie ingine.

10. Kifaransa inatoka na alama za ajabu fasi ya é na ç.

Fishie ilihifadhiwa mu kodi (namna ordinatere inahifadhi herufi) ya zamani. Ifungue na Notepad, hifadhi upya, chagua UTF-8. Kama mu Notepad yenyewe herufi zimekwisha kuharibika, Subtitle Edit ao VLC inakuachia kuchagua kodi yenye ilitumika.

11. Mega zinaisha haraka, nifanye namna gani?

Netflix yenyewe inasema: ubora wa chini unakula mpaka giga 0.3 kwa saa moja, wa katikati mpaka 0.7, HD mpaka giga 3. Kwa kujifunza, ya chini inatosha kabisa, hauhitaji kuona jasho ku uso wa muntu. Shusha fasi yenye kuna wifi, uangalie nyumbani. Tena ile namna ya kurudilia dakika tano (swali 13) inafanya filme moja ikutoshe mwezi muzima, kwa hiyo mwenye forfe kidogo hapotezi kintu. Fishie ya sutitre yenyewe haifike hata mega moja.

12. Na delestaje (umeme ikikatwa)?

Chaji telefone umeme ikiwa iko, na uweke ndani sauti peke yake ya kile kipande uko nafanya. VLC ya telefone inaweza kucheza sauti ekrani ikiwa imezima, batri inakaa murefu. Mi nilijifunza kipande nzuri nzuri mu giza, juu macho haikuwa na fasi ya kukimbilia.

## Namna ya kuangalia

13. Nikikaa mbele ya filme, nifanye nini kabisa?

Chagua dakika tatu mpaka tano, usizidishe. Mara ya kwanza, mistari mbili, angalia tu, uelewe nani anamutafuta nani na wanagombania nini. Mara ya pili, mstari ya juu peke yake, na simamisha kila sentensi. Sema kwa sauti sawa vile yeye alisema, haraka yake, hasira yake, hata kama ba jirani bananung'unika. Hapa njo utagundua Kingereza inameza maneno: going to inakuwa gonna, want to inakuwa wanna, what do you inakuwa kintu kimoja tu bila mapengo. Mara ya tatu, bila maandishi. Fasi yenye haujasikia, rudisha, na usiwashe maandishi mpaka umejaribu mara tatu.

Kesho yake, mbele ya kipande ipya, rudilia ya jana mara moja bila maandishi. Dakika makumi mbili hivi kwa siku. Bantu bananiambia "nimeangalia filme tano wiki hii" na mi naona walipumzika, ni vizuri kupumzika, lakini dakika tano za kurudilia zinapita filme tano za kupitisha.

Kama ni haraka sana, punguza mwendo: YouTube weka 0.75, VLC ya ordinatere iko na alama za [ na ]. Usishuke chini sana, sauti inaharibika na unazoea Kingereza yenye haiko.

14. Kifaransa ya chini haifanane na yenye banasema. Nani anadanganya?

Hakuna. Sutitre iko na nafasi kidogo: kanuni ya Netflix kwa mfano ni herufi 42 kwa mstari, na mistari mbili tu, na macho inahitaji sekunde za kusoma. Kwa hiyo mwenye kutafsiri anakata. Muntu anasema sentensi tatu za matusi, chini unasoma "Va-t'en !". Tena you ya Kingereza haisemi kama ni tu ao vous, mtafsiri alichagua yeye kwa kuangalia kama hawa bantu bameheshimiana.

Ukiweka sauti ya Kifaransa na sutitre ya Kifaransa, hata hapo zinaweza kupishana, juu bale ba sauti banatafuta maneno yenye inaenea mu midomo ya mwenye kucheza, na bale ba maandishi banatafuta ufupi. Kwa mstari ya juu tafuta yenye imeandikwa CC ao SDH, ile ya bantu benye hawasikie, inaandika hata mulango ukigonga, na mara mingi inafuata maneno karibu zaidi.

15. Filme gani ni nzuri?

Yenye bantu ba kawaida banaongea bintu ya kawaida: familia, ofisi, mapishi. Mapishi napenda sana, muntu anasema "kitunguu" na kitunguu iko mu mukono yake. Filme za Nijeria ziko mingi za bure ku YouTube na Kingereza yake inasikika vizuri ku masikio ya Mwafrika, ila ukisikia wetin ao I dey come, hiyo ni Pijini, usiipeleke mu mutihani ao mu barua ya kuomba kazi. Kama unaenda Zambia, usijifungie mu filme za Amerika tu, ongeza habari za televizio ya Zambia. Vita na risasi acha, saa mbili utapata maneno kumi tu.

16. Saa gani naondoa mstari ya chini?

Mi nilikaa nayo miezi minane, na naona nilichelewa. Kata karatasi nguvu, upana wa vidole viwili, ibandike ku ekrani fasi ya mstari ya chini. Ukipotea kabisa, unaiinua. Hesabu mara ngapi umeinua mu dakika tano. Siku umeinua mara mbili ao moja tu, toa ile lugha kabisa. Mstari ya juu unaweza kubaki nayo muda murefu, hiyo haina haya.

## Kesi za pembeni

17. Nasoma polepole, mistari inapita.

Acha mistari mbili kwanza, kaa na moja. Ao soma fishie .srt mbele ya filme, sawa barua, polepole, kisha angalia. Ukijua yenye itasemwa, macho inatulia.

18. Naelewa yote lakini kinywa haifunguke.

Juu ulikuwa unanyamaza. Rudi ku swali 13, mara ya pili, ile ya kusema kwa sauti. Kisha tafuta mwenzako, mukamate ile kipande, wewe uwe mama, yeye awe mutoto mwenye alichelewa kurudi, muicheze bila ekrani. Kisha mubadilishe maneno, aseme sababu ingine ya kuchelewa.

19. Niko na kazi na ba Chine Kolwezi. Kichina inawezekana na hii njia?

Kwa masikio, ndiyo. Programu mingi za China ziko na maandishi ya Kichina tayari mu picha, juu kule bantu ba jimbo mbalimbali hawasikilizane kwa kuongea lakini banasoma maandishi moja. Shida ni kwamba wewe ile maandishi haikwambie sauti. Unahitaji pinyin, ile Kichina ya kuandika na herufi zetu, na Language Reactor inaweza kuionyesha. Jifunze pinyin na sauti nne za kupanda na kushuka mbele, na muntu wa kukusahihisha, juu mā ni mama na mǎ ni farasi, na peke yako haujui umesema gani.

20. Mutoto wangu wa miaka sita, nimuwekee sutitre?

Bado anasoma kwa kidole, maandishi itamusumbua. Muwekee katuni fupi bila maandishi, moja ile ile mara mingi, batoto habachoke kurudilia. Kaa naye, muulize kwa Swahili "amesema nini?".

21. Sutitre zenye YouTube inaandika yenyewe, ni za kuamini?

Kwa muntu mwenye anaongea polepole na fasi haina kelele, zinasaidia. Majina inakosea, muziki inachanganya. Lakini usichukue ile ya kujiandika kisha ukaomba YouTube iitafsiri yenyewe kuwa mstari ya chini, kosa moja ya juu inazaa kosa ingine ya chini, na wewe mwenye kujifunza haujui kama umekosewa. Mu liste ya lugha angalia: kama imeandikwa imetengenezwa otomatiki, tafuta video yenye muntu aliandika kwa mukono.